Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Juzi, kwenye zahanati ya Ipagala ninakofanya kazi, bibi mmoja alimfungua mjukuu wake blanketi, na harufu ya mafuta ya kondoo ikanipanda puani kabla sijamgusa mtoto.

Harufu ile naijua tangu utotoni, kijijini Kibakwe. Mdogo wangu Yohana alikuwa anakohoa, na mama alikuwa ameenda kuchota maji. Bibi yetu akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, yale yanayonuka zizi, akamlaza mtoto chali, akamziba pua, akamimina. Yohana akapaliwa. Mafuta yakamtokea puani pamoja na makamasi, yakamgandia mdomoni. Bibi akayazoa kwa kidole, akamrudishia kinywani.

Yohana alipochoka kulia, nililaza sikio kwenye mgongo wake uliokuwa ukiteleza kwa mafuta yaliyomwagika. Ndani kulikuwa kunatokota kama mlenda jikoni.

"Bibi, kifua kinachemka!"

"Ndiyo dawa hiyo, mjukuu wangu. Inafanya kazi."

Nikafurahi mno. Mama aliporudi nilimkimbilia na habari hiyo njema, naye akaitupa ndoo.

Sasa najua kwamba pafu lenye hewa tupu halitokoti. Yohana hakumaliza wiki.

Mtoto wa juzi nilimwekea kipimo cha kusikilizia mapafu mgongoni, nikausikia mlenda uleule. Yule bibi alinigusa mkono kwa upole.

"Kifua usihangaike nacho, daktari," alisema. "Tumeshampa mafuta. Sisi tumefuata dawa ya homa tu."