Robi na Aluru wa Kichuguuni

Baba yake Robi, Mzee Maroa, alikuwa Mkuria wa kule juu ya Suna, karibu na mpaka, na Mungu alimpa mabinti watano kabla ya kumpa mtoto wa kiume. Mwindaji asiye na mwana hufanya nini? Humfundisha aliye karibu. Robi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Kabla hajajua kusonga ugali usio na madonge, alikuwa anajua kusokota uzi wa mkonge juu ya paja, kuusugua na majivu baridi mpaka harufu ya mkono itoke, na kuufunga kitanzi kinachokaza bila kukwama. Maroa hakuwa mtu wa kusifu. Binti akikosea alimwambia tu, "Sungura amekuona ukija," akakifungua kile kitanzi ili afunge tena.

Aliolewa mbali, Magunga, na Mjaluo aitwaye Onyango ambaye alikuwa akileta samaki wakavu Suna. Onyango naye alikuwa mtu wa ndege. Pale Magunga mbuga iko karibu, na wanyama wakubwa wana askari wao, kwa hiyo mwenye akili hawasogelei. Kilichobaki kwa watu ni aluru, wale kware wadogo wanaokuja kwa makundi mtama unapoanza kukomaa.

Aluru hawafukuzwi, huitwa. Onyango alikuwa na mlingoti mrefu, na juu yake vitundu saba vya fito vimefungwa kimoja juu ya kingine, kila kitundu na ndege wake wa kuita. Alfajiri wale saba wakianza kuimba, walio angani husikia, hudhani kuna shibe, hushuka. Chini nyasini vitanzi vinawangoja. Na sheria ilikuwa moja: mlingoti ni wa mwanamume. Mwanamke hausimamishi.

Lakini kulisha ndege hakukuwa na sheria, na kazi isiyo na sheria huwa ya mwanamke. Miaka ishirini na mmoja Robi ndiye aliyewapondea mtama, akawaokotea kumbikumbi, akawapa maji kwenye gamba la konokono. Ndege aliyewashinda wenzake alimwita Karani, kwa sababu alianza kuita kabla ya wote, kama mtu anayesoma majina ya wafanyakazi.

"Huyu hata likizo hana," Onyango alikuwa akisema.

Onyango alikufa mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tano, kwa kifua. Matanga yalipokwisha, ndugu yake Otieno aliuangusha mlingoti kama inavyotakiwa, akauchukua kwake. Vitundu vikabaki vimening'inia ukutani kwa Robi. Mwezi wa sita, mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, Otieno akarudi na kapu.

"Shemeji, nimekuja kuchukua ndege," akasema. "Wangu walikufa na ile baridi ya mvua. Mlingoti ninao, vitanzi ninavyo, sauti sina."

Robi alikuwa akipepeta. Hakuacha. Alipokasirika alihama Dholuo akaingia Kiswahili, ambacho Otieno alikijua cha sokoni tu.

"Mlingoti ulichukua, nikanyamaza. Ulikuwa wa ndugu yako. Lakini hawa ndege, nani aliwalisha?"

"Kulisha si kumiliki, Nyar Kuria," Otieno akasema, akimwita binti wa Wakuria. "Hata ng'ombe ukimkamua bado ni wa boma."

"Basi mwambie huyo ng'ombe akuimbie."

Otieno akaketi juu ya kinu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa desturi tu. "Utawafanyia nini? Mwanamke hawezi simamisha mlingoti. Hiyo unajua."

"Najua."

"Sasa?"

"Niachie mpaka siku ya soko. Asubuhi nne. Nikikosa kukamata, njoo na kapu lako uwabebe wote, na Karani juu. Nikikamata, usirudie tena hayo maneno."

"Bila mlingoti?"

"Nimekwambia sitausimamisha. Hujasikia?"

Otieno akakubali, kwa sababu aliona ni kama mtu kukubali kungoja jua lizame. Robi naye alijua kinachokwenda na lile kapu. Mwanawe Bonface alikuwa Suna akishona viatu na hakutaka habari za ndege. Bila wale saba, Robi angekuwa mjane kama wajane wengine, wa kungoja mlangoni kwa watu aletewe mguu wa kuku.

Ukingoni mwa shamba lake kulikuwa na kichuguu kikubwa, kimemzidi mtu urefu. Asubuhi ya kwanza alivipanga vitundu saba juu ya kile kichuguu, akavizungushia miiba kwa ajili ya nyoka na nguchiro, akatega vitanzi chini yake kwa duara, kama Onyango alivyotega chini ya mlingoti. Jirani yake Susana akasimama kwenye njia ya kisima na mtungi wake.

"Mama Bonface, sasa unaota ndevu?"

"Zikiota nitakuazima, uzifiche hapo kidevuni kwako."

Susana akacheka mpaka maji yakamwagika. Lakini siku hiyo Robi hakupata kitu. Karani aliita, wenzake wakaita, jua likapanda, vitanzi vikabaki wazi. Asubuhi ya pili ikawa vilevile. Otieno alipita barabarani, akavihesabu vitanzi vitupu kwa kidole, akaenda zake.

Siku ile Robi hakwenda shambani kulima. Alipiga magoti akaanza kuusoma udongo, kama baba yake alivyomzoeza. Hatua kama thelathini kutoka kichuguuni, pale mtama unapopakana na karanga, alikuta kinyesi kibichi, manyoya mawili, na vijia vyembamba katikati ya nyasi, vimekanyagwa vikalala. Basi ndege walikuwa wamekuja. Sauti ya mlingotini hutoka juu, na ndege huishukia wima. Sauti ya kichuguuni hutambaa na nchi, na ndege hutua mbali, kisha huifuata kwa miguu. Yeye alikuwa ametega kama mume wake mahali palipotaka kutegwa kama baba yake.

Akang'oa vitanzi vyote. Akavitengeneza upya, upana wa vidole viwili, kimo cha kifua cha ndege, kwa kuwa kitanzi kikikaa juu ndege huvuka chini yake, kikikaa chini hukiruka. Akavitega kwenye vile vijia, kila kijia kitanzi kimoja, na pembeni akachomeka vijiti kama ua mdogo, ndege asipate mahali pa kuzungukia. Maroa alikuwa akiwategea kanga hivyo. Nyasi hakuzikata hata moja. Ndege anajua nyumba iliyofagiliwa na mgeni.

Asubuhi ya tatu Karani alianza kuita mbingu ikiwa bado ya kijivu. Robi alilala kifudifudi kwenye karanga, umande umemlowesha hadi tumboni. Alisikia mtama ukitikisika chini, chini kabisa, kama panya wengi. Halafu mabawa. Kwanza moja, kisha huku na huku. Hakuinuka. Anayekimbilia ndege wa kwanza huwafukuza kumi walio nyuma yake. Jua lilipotoka ndipo akaenda kuwatoa. Walikuwa ishirini na watatu.

Aliwachinja, akawanyonyoa palepale wakiwa bado na joto, bila maji ya moto, kwa sababu maji ya moto huchuna ngozi ya aluru na mafuta yote yako kwenye ngozi. Akawababua kwa moto wa mabua. Akawapasua mgongoni, si tumboni, akatoa gole lililojaa mtama wake mwenyewe, akabakiza firigisi. Chumvi kidogo. Wengine aliwachoma vijiti akawaning'iniza juu ya meko wakauke kwa moshi. Waliobaki aliwatia chunguni na maji ya kikombe kimoja, akafunika, akaacha maji yaishe yenyewe mpaka ndege wakaanza kulia ndani ya mafuta yao. Mwisho akamimina maziwa ya mgando, akaondoa kuni, akaacha makaa yamalize. Asubuhi ya nne alipata wengine kumi na wanane.

Siku ya soko Otieno akaja na kapu. Hajafika kinuni, harufu ilikuwa imeshampokea. Robi akamnawisha mikono, akamwekea ugali wa mtama na muhogo, akamwekea chungu.

Otieno akala wa kwanza, mifupa na yote. Akala wa pili.

"Hii umenunua," akasema.

"Kwa nani? Wewe ndiye mwenye mlingoti, nimenunua kwako?"

Akala wa tatu polepole. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kichuguuni, akavitazama vitundu, akatazama vile vijiti, akainama, akagusa kitanzi kimoja kwa kidole. Alirudi akaketi kinuni.

"Hakuna mlingoti," akasema.

"Hakuna."

"Desturi haijasema kitu juu ya kichuguu."

"Kwa nini iseme? Kichuguu hakisimamishwi na mtu."

Otieno akalisukuma kapu kwa mguu. Baadaye kidogo akasema, "Shemeji, ukitaka nitaurudisha. Nikusimamishie mimi mwenyewe hapa kwako, desturi iwe imetimia. Utakamata mara mbili."

Robi akafikiri, maana lile lilikuwa neno la heshima, tena la kweli. Lakini mlingoti uliosimamishwa na Otieno ungekuwa wa Otieno, na ndege walio juu yake nao wangeanza kumfuata.

"Uweke kwako," akasema. "Uegemee ukuta wako; nikiuhitaji, najua uliko."

Akampa ndege mmoja wa kuita, wa kuazima, mchanga lakini mwenye koo zuri. Akamfungia kwenye lile kapu, akamwambia Otieno asimpe mtama mzima, aponde kwanza, na kumbikumbi ampe bila mabawa.

"Na Karani?" Otieno akauliza.

"Karani yuko kazini."

Robi alitega pale kichuguuni misimu minne mingine. Susana alikuja kujifunza mwaka wa pili, akasema anakuja kuazima zile ndevu.