Kama Mkwe Wangu Anauzika

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, alinikuta jikoni namenya viazi. Akapiga goti, akanipa shikamoo ya pili siku hiyo, nikajua kuna jambo.

"Mama, nimechukua fomu ya udiwani."

"Unataka kushindana na diwani wetu huyu huyu?"

"Huyu huyu."

Nikamwambia palepale asubiri miaka mitano. Mimi sijui kumung'unya maneno, na nyumba nzima inajua. Tena nilikuwa mjumbe wa chama, mmoja wa wale wanaopiga kura za maoni kuchagua nani asimamishwe na chama kwenye uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo neno langu kwake halikuwa la mama mkwe tu.

Diwani wetu hana ubaya. Ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Msiba wa Walutheri yupo, hitima ya Waislamu yupo, anakaa mpaka mwisho na kuosha mikono na watu. Hata watu wa chama kingine wanampa kura, maana hajawahi kumuudhi mtu. Lakini barabara ya kutoka kwetu kwenda Lukozi ni handaki tangu aingie. Masika malori hayapandi, kabichi zinaozea shambani, na yeye anasema suala linashughulikiwa. Ni mkwe wangu aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akamuuliza linashughulikiwa na nani, na limefika wapi. Watu wakapiga makofi. Diwani naye akacheka, akapiga makofi. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Shida ni kwamba mkwe wangu ni mwanamke, ana mdomo, na kazaliwa Mazinde, kule chini ambako sisi wa milimani tunakuita nyika. Kazalia huku, analima huku, Kishambaa chake kinawashinda wanangu walioko Dar. Bado wapo wanaomwita "yule wa nyika". Na chama kingine kilikuwa kimeshapata mtu wao, kijana dalali wa viazi anayejuana na kila mkulima. Tukisimamisha mtu asiyeuzika, kata inakwenda kwao. Hilo ndilo lililoninyima raha. Binti mwenyewe mimi nilimtaka.

Nikaona niulizie mwenyewe. Jumapili baada ya ibada nikamvuta pembeni mama mmoja wa kwaya, mjumbe mwenzangu.

"Mimi namtaka hata leo," akasema. "Tatizo ni wale wa vitongoji vya juu. Hawawezi kumpa mwanamke."

Nikapanda huko juu na magoti yangu haya. Nikamkuta mzee mmoja, mjumbe pia, anapalilia karoti. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza.

"Binti yule anafaa sana," akasema. "Sisi huku hatuna neno naye. Ila Waislamu wa sokoni hawatamwacha diwani."

Nikaenda sokoni. Muuza maharage mmoja, mjumbe wa huko, hakuacha hata kupima. "Sisi shida yetu barabara tu, bibi. Waulize Walutheri wenzako kama watampa mtu wa nyika."

Nilizunguka wiki nzima namtafuta huyo mtu asiyemtaka mkwe wangu, sikumpata. Kila mmoja alikuwa anamfahamu, na kila mmoja alisema anakaa kwa jirani. Nikapandwa na hasira. Nikasema huyu mtu hayupo, tumemtunga wenyewe halafu tunamwogopa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mkwe wangu kura yangu ni yake. Akaendelea kupepeta maharage, ila nilimwona ana furaha.

Siku ya kura tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Mkwe wangu alizungumza kidogo, akataja barabara na kabichi, akakaa. Diwani akashukuru kila mtu, pamoja na mkwe wangu. Kabla karatasi hazijagawiwa, yule mama wa kwaya akaniinamia sikioni.

"Tumpe tu diwani tuwe na uhakika. Mtoto tutampa safari nyingine."

Nikamwambia ampe anayemtaka, aniachie sikio langu. Nikampigia kura mkwe wangu.

Kura zilihesabiwa kwa sauti. Diwani, diwani, diwani, hadi msomaji akawa kama anakariri. Za mkwe wangu ungezihesabu kwa vidole. Niliona aibu kuliko yeye. Yeye alikwenda kumpa diwani mkono, akarudi nyumbani kuwasha moto.

Jioni wakaja kumpa pole. Yule mama wa kwaya alikuja, akamkumbatia, akaapa kwamba kura yake alimpa yeye. Muuza maharage akapita na pikipiki kusema hivyohivyo. Mzee wa karoti alipanda na kushuka vilima vile ili aseme kwa mdomo wake. Na wengine, na wengine. Chai ilipokwisha, waliompigia mkwe wangu walikuwa wameshazidi kura zilizosomwa. Yeye aliwajibu wote sawasawa: "Asante, nashukuru." Akawamiminia chai.

Walipotoka tulibaki wawili. Nilikuwa nimeumia, nikataka walau ajue nilikuwa upande wake.

"Mwanangu," nikasema, "mimi kura yangu nilikupa wewe."

Neno lilipotoka tu nikalisikia. Lilikuwa neno lao lilelile. Nikatafuta la kuongeza. Kuapa, mwenzangu alishaapa. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia asubiri.

Akanitazama kidogo, kwa heshima, kama anavyonitazama siku zote.

"Asante, mama, nashukuru," akasema, akachukua kikombe changu akaniongezea chai.