Pumzi ya Nne

Mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Ukiuza mitumba katika soko la Kakamega na usihesabu mara mbili, jua kuna mwenzako anayekuhesabia, na hesabu yake haitakupendeza. Bale likifunguliwa nahesabu mashati, narudia. Vifungo pia. Tabia hiyo ndiyo iliyonilisha katikati ya miaka ya tisini, na ndiyo iliyonipotezea mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi. Mwaka huo mvua za masika zilipokolea, homa ilimchukua kitindamimba wake, msichana wa miaka miwili aliyekuwa ameanza kuniita shangazi ingawa mimi ni mama mkubwa. Walimzika kando ya nyumba. Watu walikula, wakaimba, wakaondoka, na mdogo wangu akabaki ameketi palepale walipomwacha. Wiki zilipita. Shemeji akanitumia ujumbe: hapiki, halii, anakaa tu akitazama ukuta. Njoo umwone.

Nilienda nikamleta kwangu, chumba kimoja nyuma ya soko, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za akina mama wa Alhamisi. Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nesi mmoja, ambaye sote tulimwita sista, alikuwa amerudi kutoka masomoni na njia ya kuwasaidia watu walioelemewa na mawazo. Hakuna dawa, hakuna sindano. Mnakaa kwenye duara, mnafumba macho, mnafuata pumzi zenu. Alhamisi nane, bure.

Neno bure lilinitia shaka kuliko lile la pumzi.

"Sista, nane zote za nini?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Tufanye tano."

"Mama, hii si sketi," akasema. "Haipunguzwi."

Kabla ya kuingia, kulikuwa na meza mlangoni na karani kijana wa kike mwenye fomu. Jina, umri, kijiji. Kisha akauliza: "Ana watoto wangapi?"

Sasa, kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Ng'ombe pia, lakini hasa watoto. Ukiulizwa unasema "wapo," au "Mungu ametukumbuka," na anayeuliza akiwa na adabu anaishia hapo. Kumtaja mtoto kwa namba ni kama kumwonyesha kidole mbele ya kitu kinachotafuta. Mimi nalijua hilo toka tumboni. Lakini mdogo wangu alikuwa amenyamaza akitazama viatu vyake, foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, na mvua ya saa tisa ilikuwa imeshaanza kupiga mabati.

"Andika watatu," nikasema.

"Watatu?"

"Watatu."

Mara mbili, kama kawaida yangu.

Alhamisi hiyo sista alitupa njugu karanga, kila mtu moja. Moja! Sokoni hata ya kuonja ni kiganja. Tuliambiwa tuitazame, tuinuse, tuiweke ulimini bila kuitafuna. Mama mmoja wa Malava aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Nimeacha kuku na mahindi nyumbani nije kunyonya njugu." Nilicheka mpaka sista akafungua jicho moja. Nilimtazama mdogo wangu nione kama naye amecheka. Alikuwa ameshika njugu yake katikati ya kiganja, kwa uangalifu, kama kitu cha kurudishiwa mwenyewe.

Baadaye tulifundishwa kuhesabu pumzi. Unapotoa pumzi, moja. Unapotoa tena, mbili. Hivyo mpaka kumi. "Wazo likija, usiligombeze," sista alisema. "Liache lipite, urudi kwenye moja." Mimi nilifika kumi bila taabu, nikarudia kuhakikisha. Sista akaniambia pumzi haihakikishwi.

Mdogo wangu hakufika. Nilikuwa nachungulia midomo yake. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kifua kilisimama, akameza mate, akarudi kwenye moja. Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Wenzake walianza kulala usiku, mama wa Malava akaanza hata kusifu njugu. Mdogo wangu alikuwa anazunguka kati ya moja na tatu kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Nikaona nimsaidie. Nyumbani, jioni, nikigeuza obusuma, ugali wetu, jikoni, nilimsomesha.

"Baada ya tatu kunakuja nini?"

"Dada, niache."

"Sema tu. Nne. Ni namba, haiumi."

Alikuwa ameshika sahani akingoja nipakue. "Siku ile ulihesabu watoto wangu mbele ya watu," akasema.

"Karani aliuliza, na wewe ulikuwa—"

"Ukahesabu. Halafu ukarudia. Na mara zote mbili ukamwacha nje."

Mchuuzi hakosi jibu. Laiti ningelikosa siku hiyo. Nikasema, "Fomu ilitaka walio hai."

Aliweka sahani sakafuni, polepole, haikutoa hata sauti. "Nikifika tatu nasikia sauti yako ikifunga hesabu," akasema. "Hakuna mahali pa kwenda baada ya hapo."

Asubuhi aliondoka kurudi Lumakanda. Alikuwa amehudhuria Alhamisi tano. Nakumbuka nilimwomba sista tano hizohizo.

Alhamisi ya sita nilienda peke yangu nikaomba ile fomu. Sista akasema mwenyewe ameshaondoka, karatasi yake imefungwa. Nimebishana na watu wengi maishani, juu ya makoti, juu ya zipu zilizokufa, lakini sijawahi kubishana kama siku ile, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kubishania kuongeza. Mwishowe akaitoa. Akakata tatu, akaandika nne, akaniacha niitazame mpaka nikaridhika. Sikuridhika. Akanionyesha kiti cha mdogo wangu.

"Kaa, mama. Naona na wewe unahitaji."

Nilikaa Alhamisi zote zilizobaki. Pumzi ya nne ilinishinda na mimi.

Wakati wa palizi nilienda Lumakanda. Nilimkuta shambani peke yake, mahindi yakiwa magotini. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mgeni wa kanisa, akaendelea kulima. Hakuniambia niingie nyumbani. Mpaka leo hajalala kwangu tena.

"Nilirekebisha ile fomu," nikasema.

"Waliandika jina lake?"

"Hapakuwa na mahali pa jina."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akainama. Kulikuwa na jembe lingine mwisho wa shamba. Nilivua viatu, nikashika mstari ulio kando ya wake. Tulilima. Jua lilikuwa limepanda nilipoanza kusikia, chini chini, kila jembe linapoanguka: moja. Mbili. Tatu. Nikasimama kungoja akwame. Jembe likapanda, likaanguka, na yeye akatoa pumzi ndefu isiyo na namba yoyote. Kisha: tano. Sita. Akaenda mpaka kumi, akarudi kwenye moja, na alipofika palepale akapumua vilevile, bila kumtaja.

Niliinamisha uso nikalima kwa nguvu ili nisimwone na yeye asinione.

"Dada," akasema baadaye, bila kugeuka. "Mstari wako umepinda."

Nikatazama nyuma. Ulikuwa umepinda kweli, na nilikuwa nimekata miche ya mahindi, sijui mingapi.