Kompyuta ya Mzee Rudisha

Jina alilopewa na wazazi wake halikutumika kiwandani. Waliokuwa wakileta mafuta, magadi na maboksi walimwita Mzee Rudisha, kwa sababu neno hilo walilisikia kwake mara nyingi kuliko salamu. Kiwanda kilikuwa cha sabuni, na yeye ndiye aliyepokea mizigo. Alifungua pipa, akainama, akanusa, akachovya kidole na kukisugua kwa kidole gumba, halafu akaamua. Mafuta yaliyochacha hayakupita getini. Dereva aliyembembeleza alisemwa mbele ya utingo wake, na aliyemletea soda alirudishwa na soda yake.

Hakuwa mtu wa kupendeza, tusidanganyane. Alikuwa na majivuno, alipenda kusubiriwa, na akishaanza kujisifu ungetamani mvua inyeshe mkimbie. Lakini sabuni ya kiwanda kile ilinukia vizuri, na sababu ilikuwa pua yake.

Aliyemchukia zaidi alikuwa meneja wa ununuzi, ambaye alikuwa na rafiki muuza mafuta ya bei rahisi. Kila mara mafuta ya rafiki yalipogonga mwamba kwa Mzee Rudisha, meneja alikunja uso. Kumfukuza mzee kungeleta kesi, na wapishi wa sabuni wangenuna. Basi alingoja wakati wake, na wakati wake ukaja siku kampuni iliponunua mfumo mpya.

Ulikuwa mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendeshea kampuni nzima. Mzigo ukiandikwa humo kwamba umepokelewa, papo hapo stoo wanauona, wapishi wanajua wana nini cha kupika, na wahasibu wanajua nani wa kulipwa. Ukiandikwa kwamba umekataliwa, hakuna idara inayoweza kuugusa. Wafanyakazi wote waliitwa kujifunza, na ili wasiharibu kitu waliwekewa kwanza mfumo wa mazoezi, ambao kwa sura ni pacha wa ule halisi. Ukiandika humo kwamba umepokea ndovu mia, hakuna kinachotokea. Siku ya kuanza kazi kweli, kila mtu alipewa neno jipya la siri la kuingilia mfumo halisi. Mzee Rudisha naye alipewa neno jipya. Lake lilimwingiza kwenye mfumo wa mazoezi.

Aliyeagiza hivyo ni meneja wa ununuzi. Aliyetekeleza ni mtaalamu wa mfumo, binti mpole ambaye hakuwa hata amethibitishwa kazini na hakutaka maneno na mkubwa. Mzee akahamishwa kutoka getini, akapewa chumba nyuma ya uhasibu, chenye feni na kiti cha kuzunguka.

"Umepanda cheo, mzee wangu," meneja alimwambia. "Mambo ya kuinama kwenye mapipa waachie wengine. Wewe utaletewa sampuli hapa hapa. Unanusa, unabonyeza, basi."

Mzee akavimba kichwa. Alivishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri kabisa.

Kila asubuhi mlinzi wa getini alimpelekea mafuta ya kila gari katika kikombe. Mzee alinusa, kisha akaandika kwa vidole viwili, taratibu, ncha ya ulimi ikiwa nje. Wakati huo karani wa stoo alikuwa ameshaupokea mzigo uleule kwenye mfumo halisi, uwe mzuri uwe mbovu. Uhasibu wote walijua. Wakipita mlangoni kwake walimpigia saluti: "Mzee, leo umewabana! Wauzaji wanalia huko nje!" Kila Ijumaa walichapa barua ya kumpongeza, wakaigonga mhuri, wakamkabidhi kwa mikono miwili, kisha wakarudi kwenye meza zao wameziba midomo. Nawakasirikia watu hawa hata sasa ninapowaandika. Nao walikuwa na baba zao nyumbani.

Mzee alizibandika barua zote ukutani sebuleni.

"Mama watoto," alimwambia mkewe, "nikibonyeza kitufe kimoja tu, hakuna wa kuugusa mzigo. Hata meneja mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

Mkewe, aliyekuwa amezoea kufua mashati yaliyolowa mafuta, sasa alipiga pasi mashati meupe na kuwasimulia majirani mpaka wakawa wanamkwepa. Alikuwa na furaha, na sioni kwa nini mtu amcheke kwa hilo.

Asubuhi moja kililetwa kikombe kibaya kuliko vyote. Mafuta yalikuwa yamechacha na kuchanganywa na maji, na uvundo wake ulishika kooni. Mzee akaandika kwamba mzigo umekataliwa. Neno likatokea kwa rangi nyekundu, naye akajisikia mtu. Alipokuwa akikisogeza kikombe, mafuta yakammwagikia shatini, akatoka kwenda kwa wapishi wa sabuni kuomba maji ya moto. Hakufika kwenye maji. Harufu ile ile ilikuwa inapanda kutoka kwenye sufuria kubwa, inachemka.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Mzigo huo nimeukataa! Mfumo unajua!"

Mpishi mkuu hakuwa na habari ya mchezo uliokuwa ukichezwa. Akamwonyesha kompyuta yake. "Mzee, mbona hapa panasema umepokelewa? Hauna kasoro hata moja."

Mzee akaenda kumtafuta mtaalamu wa mfumo, akamshika mkono, akamvuta mpaka chumbani kwake. "Soma, mwanangu. Hapa pameandikwa nini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Baba, huu ni mfumo wa mazoezi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kila Jumapili unafutwa, unaanza upya."

Mzee alikaa. "Na mizigo yote niliyoikataa?"

"Ilipikwa, baba."

Meneja aliitwa, akaja akijifuta machozi ya kicheko. Nyuma yake wahasibu walijazana mlangoni, na mpishi mkuu akiwa katikati yao, haelewi acheke au anune.

"Mzee wangu, tungekufukuza ndiyo ungefurahi?" meneja aliuliza. "Tumekupa kiti, tumekupa feni. Nani amekukosea heshima?" Kisha akamgeukia mpishi. "Ongezeni manukato. Watu wananunua sabuni waoge, hawanunui wanuse."

"Na barua?" mzee aliuliza. "Zile za Ijumaa?"

Mhasibu mmoja akaangua kicheko, na hilo ndilo likawa jibu. Mzee alimtazama kila mmoja usoni, kana kwamba anatafuta mmoja wa kumtetea. Mpishi mkuu akatazama viatu vyake. Alikuwa na watoto wa kusomesha, naye meneja ndiye anayeidhinisha mikataba ya kazi.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni. "Haya, baba watoto, leo umewanyoosha wangapi?"

"Wengi," alisema, akapita moja kwa moja kwenda kulala. Mkewe alidhani ni uchovu wa kazi. Asubuhi akamwamsha, akamwekea shati jeupe kitandani. Kuacha kazi kulihitaji maelezo, na mzee hakuwa na maelezo ambayo angeweza kuyatoa mbele ya mke yule. Akavaa, akaenda.

Mlinzi alimkuta ameshakaa kwenye kiti chake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka hapo."

"Hujanusa."

"Mazuri."

"Mzee, haya yananuka. Mimi mwenyewe nimekuja nimeziba pua."

"Nimesema mazuri."

Mlinzi alimsogezea kikombe karibu na pua. Mzee alikisogeza kikombe pembeni bila kukitazama, akatafuta herufi kwa vidole vyake viwili, akaandika kwamba mzigo umepokelewa.