Mapacha wa Mama na Mgongo wa Kuazima

Juzijuzi mjukuu wangu alijifungua watoto wawili hospitalini Kirotshe. Muuguzi, binti mwenye haraka zake, akasimama mbele yangu na kalamu mkononi: "Koko, kwenu mapasa iko mingi?" Koko ni bibi, na mapasa ndio mapacha, hivyo ndivyo tunavyowaita huku. Yeye alitaka jibu la neno moja, mimi nikarudi kilimani kwetu Masisi, utotoni, siku mama alipojifungua wavulana wawili na majirani wakaanza kutusalimia kwa mbali.

Usinicheke. Kilimani kwetu mapacha walikuwa kitu cha kusikia tu. Watu wa ng'ombe na maharagwe, Wakristo wazuri kabisa, lakini wakiona watoto wawili mkeka mmoja wanapita njia ya juu wasiwakaribie. Mama yangu alikuwa ameolewa kutoka Walikale, msituni, na huko hukosi mapacha karibu katika kila ua. Nyanya, mama yake mama, alitembea siku nyingi kuja kwetu, chupa ya mawese ndani ya kikapu. Akawatazama wale watoto kama mtu anayetazama kitu cha kila siku.

"Mapasa inapenda tumbo yenye imezoea kuzaa," akamwambia mama, ambaye hiyo ilikuwa mimba yake ya saba. "Wakati nilikuwa musichana walikuwa wengi kupita sasa. Sijui walienda wapi." Muuguzi wa Kirotshe naye ameniambia kwamba mwanamke aliyezaa mara nyingi ndiye hupata mapacha zaidi. Yeye amesoma miaka mingi. Nyanya hakuwahi kushika kalamu, na mpaka leo namvulia kitambaa.

Shida ilikuwa maziwa. Mama hakuwa na ya kutosha wawili, na ya ng'ombe, yule pacha mdogo aliyatapika yote. Alikonda hadi shingo ikashindwa na kichwa. Nyanya akasema mdogo aanze kunyonya kila mara, na kwamba maji ya mto yasipite kamwe katikati ya mapacha. Kwao wasichana wawili huwabeba wakitembea sambamba. Mimi, mtoto wa miaka minane, nilikuwa na mgongo mmoja tu. Basi nyanya akaenda kwa jirani kumwazima binti yake wa rika langu.

Jirani mwenyewe alikuwa ananyonyesha. Akamtoa binti, yeye akabaki mlangoni. "Mutoto nakupatia, Mama. Ila mimi siwezi wagusa."

Nyanya alitufundisha kukaza kikwembe, kitenge cha kubebea mtoto, na kulinganisha hatua. Kila siku tulishuka na watoto, tukavuka kijito, tukamkuta mama shambani akipalilia maharagwe, akinuka udongo na jasho. Tuliimba njia nzima. Watu wakaanza kutuita sisi wawili mapasa, nasi tukavimba vichwa.

Siku moja tukagombana kwa ajili ya hindi la kuchoma. Nikavuka peke yangu na yule mkubwa, nimenuna. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, na maji yakashuka ghafla na magogo ndani yake. Mdogo alibaki ng'ambo mgongoni mwa rafiki yangu, akilia, kisha akaacha kulia. Mama alikuja mbio akasimama ukingoni, maziwa yanalowesha nguo yake. Mimi nilijua nimemuua ndugu yangu.

Rafiki yangu hakungoja. Aligeuka akapanda kilima akikimbia.

Maji yalipopungua jioni tulimkuta mdogo kwa jirani, titi mdomoni. Yule mama alikuwa analia. "Amenivuta sana," akasema bila kututazama. "Sikujua iko na nguvu hivi."

Nyanya hakunigombeza. Alikwenda kuchukua ile chupa ya mawese, akaiweka mlangoni pa jirani. Tangu hapo jirani alimnyonyesha asubuhi na jioni, na wanawake wengine wakaacha ile njia ya juu. Yule mdogo alikuja kumpita mwenzake kwa urefu, na alijisifia jambo hilo hadi uzeeni.

Leo mjukuu wangu anamfunga mmoja mgongoni na mwingine kifuani, peke yake. Nilipomwambia tuazime binti wa jirani, alinitazama kama nimeomba ng'ombe wa mtu. Nyanya alizikwa kwao msituni. Rafiki yangu aliolewa huko huko Walikale, na tangu watu wakimbie vijiji vyao kwa ajili ya vita sijui aliko. Namkumbuka sana, na hilo hindi ningempa lote.

Siku ile hospitalini muuguzi alikuwa bado anangoja. "Pea mbili," nikamwambia. "Wale wa mama, na hawa." Akaandika mbili, akaondoka. Ya tatu tulikuwa mimi na yule msichana, lakini karatasi yake iliuliza waliozaliwa tu.