Mwalimu, Seremala na Harusi Iliyosogezwa

Ukimwona Mwalimu kwa mara ya kwanza, huanzi na uso wake. Unaanza na mikono. Hata akiwa peke yake kwenye foleni ya maktaba, vidole vyake hukunjana na kukunjuka pembeni mwa sketi, kama mtu anayenong'ona na nafsi yake. Wanafunzi wenzake chuoni walidhani ni baridi. Hawakujua kwamba anaongea.

Lugha ya alama aliijua kabla ya kujua kusoma. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alizaliwa kiziwi, na wale watoto wawili walijitungia alama zao wakati wakubwa wakila na kupiga soga. Baadaye shule iliwafundisha alama rasmi, lakini zile za kwao hawakuziacha. Dada akawa mwalimu wa viziwi, mdogo akawa seremala. Kwa daktari, dukani, kwa mwenye nyumba, dada ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Kisha ukaja ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi. Katika ufadhili ule, mwombaji hueleza anachotaka kusoma, na ofisi ndiyo inayomtafutia chuo. Kuota hakatazwi, ila haruhusiwi kuviandikia vyuo mwenyewe. Mwalimu aliota chuo kimoja ambako viziwi na wanaosikia husoma darasa moja. Akapangiwa kingine, katika mji wa mvua ulio mbali na kila alichokifahamu, chenye wahadhiri hodari wa elimu maalumu na vitabu tele. Majirani walisema ni bahati ya mtende. Naye alishukuru, kwa moyo mmoja na nusu.

Ambalo hakulitarajia ni kwamba viziwi wa huko wana alama zao, tofauti kabisa na za nyumbani. Wiki ya kwanza alikwenda kwenye mkutano wa wanafunzi viziwi, roho juu kwa furaha, akawasalimu. Walimtazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtoto anayekuonyesha mchoro usioujua. Yeye aliyewasemea wengine maisha yake yote akakaa pembeni akitabasamu, hana la kusema wala wa kumwambia.

Kilichombakia ni simu ya video, Jumamosi asubuhi, mtandao ukiwa na huruma. Ulipokwama, mkono wa mdogo wake uliganda hewani katikati ya neno. Wanaosikia hubaki na sauti hata picha ikikatika. Wao walibaki kutazamana.

Jumamosi moja seremala akamwambia anaoa. Mchumba ni fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mwanamke anayesikia, aliyejifunza alama kwa kumuuliza uliza hadi kazi zikalala. Tarehe ilikuwa imepangwa na mjomba wao, ambaye tangu mama yao afariki ndiye mkubwa wa nyumba. Mwalimu alifurahi hadi machozi yakamtoka, kisha akaitazama ile tarehe. Ilikuwa katikati ya muhula.

Alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa ufadhili, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti ya taratibu.

"Siku chache tu, mama."

"Hata moja. Wajibu wako ni kuhudhuria masomo yote ya muhula, na hutoki nchini bila ruhusa. Ukitoka wakati wa masomo, ufadhili unasimama. Baada ya mitihani, sawa. Leta ombi, nami nitalisukuma mwenyewe."

"Ni mdogo wangu wa pekee."

"Najua. Ndiyo maana sikuambii ukabahatishe."

Jumamosi iliyofuata wakajaribu njia nyingine, kwamba Mwalimu awe mkalimani wa harusi kwa simu. Mjomba aliishika simu na kujifanya mfungisha ndoa. Alipofika tu kwenye kiapo, picha ikakwama.

"Mpwa wangu, umeganda," alisema mjomba. "Umekuwa kama picha ya kitambulisho."

Picha iliporudi, mjomba alikuwa ameshaamua. "Tusijisumbue. Nitamkalimania mimi."

"Mjomba, unajua alama ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Za kutosha. Kula, njoo, ngoja."

"Basi atakula, atakuja, atangoja," alisema mchumba kutoka nyuma. "Kuoa je?"

"Si umkalimanie wewe, kama unazijua sana?"

"Nitafsiri ahadi anazonipa mimi mwenyewe? Nitaongeza na zangu, mjomba."

Watu walicheka. Seremala aliona mabega yakitikisika, akauliza kuna nini, mchumba akamweleza, naye akacheka wa mwisho. Kisha aliigeukia simu. Mikono yake ilikuwa mizito kwa kushika randa tangu alfajiri, na aliongea polepole.

"Siku ile nataka kusema mwenyewe, na watu waelewe. Sitaki kusemewa nusu nusu. Namngoja dada."

Mwalimu aliyatafsiri maneno hayo kwa sauti, neno kwa neno.

"Wageni wameshaalikwa," mjomba alilalamika. "Tutawaambia nini?"

"Waambie kawia ufike," alisema mchumba. "Anayeolewa ni mimi, na sina haraka. Wifi, wewe soma. Ila usifeli, maana muhula mwingine singoji."

Harusi ikasogezwa. Mwalimu akasoma kama mtu anayekimbizwa. Ruhusa ilitoka, kwa sharti kwamba afanye mtihani wa mwisho na arudi kabla masomo hayajaanza tena. Mshauri alipompa habari hiyo, Mwalimu alimshukuru kwa alama ya nyumbani, na yule mama akaielewa bila mkalimani.

Sasa mtihani wa mwisho ni kesho, na safari inafuata. Jumamosi iliyopita seremala alimkumbusha ukuta wa kioo pale uwanja wa ndege wa kwao. Abiria husubiri mizigo ndani na wapokeaji husimama nje, wakiruka na kuita majina yasiyosikika upande wa pili.

"Wao wataita bure," alimwambia. "Mimi na wewe tutakuwa tumeshaanza kuongea kabla begi lako halijatoka."

Tangu siku hiyo Mwalimu anachagua atakachokisema kwanza kupitia kioo kile. Ameshachagua mara nyingi. Kila asubuhi anabadilisha.