Ng'ombe wa Mabati

Mume wangu Ndalahwa hanywi pombe, hachezi kamari, wala hana mwanamke wa nje. Wanawake wenzangu hapa Mkula huniambia nimebahatika. Nawaambia waje wamchukue, maana ana ngoma.

Ni manju wa kundi la Wagika, yaani ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Anasema ngoma ni starehe ya bure. Bure! Njuga za miguuni zinanunuliwa. Fulana za kundi zinabadilishwa kila mwaka, eti kwa sababu wapinzani wao, Wagalu, wamebadilisha zao. Wachezaji ishirini wanashibia kwangu wakati wa mazoezi, na mahindi ni yale niliyopalilia peke yangu yeye akitunga. Mwaka juzi pamba yetu yote iliishia kwenye kukodi gari na spika. Wakashindwa. Mwaka jana wakashindwa tena.

Ndiyo maana niliamua kujiwekea akiba yangu. Miaka miwili nilinunua dagaa Lamadi nikaenda kuuza Bariadi, na kwa faida yake nikanunua ng'ombe dume mmoja. Nilimtangaza mbele ya mama mkwe: huyu ni ng'ombe wa mabati. Tutamuuza Septemba tuezeke nyumba kabla ya mvua, maana nyasi zimeoza, na msimu uliopita watoto walilala wamejifunika turubai. Ndalahwa alikubali kabisa.

"Ni wako, mama Joyness. Simgusi."

Na kweli hakumgusa. Alimtoa kwa ahadi tu.

Siku ya mashindano, asubuhi, jirani yangu Milembe alikuja kuniomba utumbo.

"Utumbo wa nini?"

"Wa ng'ombe wenu. Si shemeji amesema wakishinda mnachinja?"

Manju akishinda hulisha kundi lake, hilo nalijua. Nilijua pia alivyowaza: kila mwaka tunashindwa, ahadi haitanigharimu kitu. Tena mganga alikuwa ameshachukua mbuzi wetu kwa dawa ya kuvuta watazamaji, na laki moja ingefuata wakishinda. Kwetu hakuna majaji. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na jua likizama, upande uliojaza watu ndio mshindi.

Nilifika uwanjani jua limeshapoa. Kwa Mayunga, manju wa Wagalu, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Kwa Ndalahwa walikuwepo ndugu zake na mbwa wawili. Ningekuwa na akili ningegeuka nirudi nyumbani, ng'ombe wangu alikuwa salama salimini. Lakini hasira hasara. Nilipita katikati ya wachezaji nikamkamata fulana.

"Ndalahwa! Ng'ombe wangu umempa nani?"

"Mama Joyness, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani gani? Kule kwenye turubai?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikazidi kuwaka. Nilitaja pamba, nikataja spika, nikataja mbuzi, sikumwacha hata mama yake. Na yeye, badala ya kunyamaza, akanijibu kwa wimbo, ngoma zikampokea. Nikapayuka zaidi. Sikuona kwamba watu walikuwa wanakimbia kutoka upande wa pili, wengine na viti vyao kichwani. Sauti iliponikauka, jua lilikuwa limezama na Mayunga amebaki na wapiga ngoma wake.

Wagika walinibeba mabegani. Mimi! Kesho yake ng'ombe akachinjwa, Milembe akapata utumbo wake, nami nikapewa ini kwa heshima. Sikuweza kulimeza.

Siku ya tatu mganga alikuja kuchukua laki yake. Ndalahwa alikuwa amejificha kwa kaka yake, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Hapa hudai kitu," nikamwambia. "Dawa yako haikuvuta hata nzi. Watu walikuja kusikiliza matusi yangu."

Alinitazama kwa upole, kama anamwelewesha mtoto, ingawa aliniita mayu, yaani mama.

"Na wewe, mayu, unadhani ni nani aliyekuvuta ukaja uwanjani?"

Wachezaji waliokuwa uani wakaitikia kwamba ndivyo hasa, dawa ile ni kali. Wazee wa kundi wakaja kusema deni la mganga halilazwi nyumbani, nikalilipa kwa mtaji wangu wa dagaa.

Sasa ni Novemba. Nimetega sufuria mbili chini ya paa na bado kuna tone linaniangukia begani. Ndalahwa yuko jikoni anatunga wimbo, anasema unanihusu. Kundi limekaa kikao na kuamua kwamba mwaka ujao ni lazima nije uwanjani, tena nikiwa nimevaa fulana yao. Fulana ni elfu kumi na tano, najilipia mwenyewe.